Barua ya wazi: Mchoro wa kumkumbuka Reginald Mengi uanzie kwenye plasta

Kwa Wakurugenzi wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, Manispaa ya Kinondoni na Manispaa ya Moshi. Kwa familia ya marehemu. Na kwa kampuni na taasisi zitakazoombwa kuchangia.

Waheshimiwa,

Tunaomba mwagize mchoro mkubwa wa ukutani wa kumkumbuka Reginald Mengi. Tunaomba pia msiuagize kwa utaratibu tuliouzoea: sherehe inapangiwa tarehe, mchoraji anatafutwa zikiwa zimebaki wiki tatu, ukuta unapakwa nyeupe juu ya vumbi na ukungu, sura inachorwa mchana na usiku, utepe unakatwa, na yakipita masika mawili shavu la marehemu limebanduka na kudondoka kwenye mtaro. Sisi ni wachoraji wa kuta, mafundi plasta na wapaka rangi, na kuta zinazobanduka namna hiyo tunazijua. Mara nyingi kosa halikuwa la mkono uliochora. Lilifanyika kabla brashi ya kwanza haijaloweshwa, mezani, pale ratiba na bajeti zilipopitishwa.

Mengi alifariki Dubai tarehe 2 Mei 2019 na akazikwa kwao Machame. Alikuwa mhasibu aliyefika kuiongoza kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand hapa nchini, akaanza biashara kwa kuunganisha kalamu za wino, kisha akajenga kundi la IPP: kiwanda cha vinywaji cha Bonite pale Moshi, magazeti, na mwaka 1994 Radio One na ITV. Fedha zake zilirudi kwa watu kwa njia zinazojulikana. Watoto wenye maradhi ya moyo walipelekwa India kutibiwa. Watu wenye ulemavu walikaa naye kwenye chakula cha mchana kila mwaka. Miti ilipandwa kwa wingi Kilimanjaro, na aliwahi pia kuwa mwenyekiti wa NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kumbukumbu ya mtu huyu inastahili kazi ya kudumu, na gharama ya kudumu inajulikana mapema. Ndiyo maana tunawaandikia sasa.

Tuanze na tarehe, kwa sababu ndiyo itakayoharibu yote ikikosewa. Siku ambayo kila mtu atataka kuzindua ni 2 Mei, na siku hiyo iko katikati ya masika, Dar es Salaam na Moshi kote. Kuzindua Mei kwa mchoro ulioanza Machi maana yake ni kupaka rangi juu ya ukuta uliolowa. Rangi ya maji hukauka kwa maji kuondoka. Ukuta ukiwa umeshiba, maji ya ndani yanatafuta njia ya kutokea huku ngozi ya rangi ikiwa imeziba uso, na matokeo ni malengelenge. Mvua ikinyesha kabla rangi haijashikamana, sabuni iliyomo ndani ya rangi hutoka na kuacha michirizi inayong'aa, na rangi nyeusi na za kahawia ndizo zinazoionyesha zaidi. Koti la suti nyeusi kwenye mchoro litakuwa na makovu kabla wageni hawajaketi.

Kwa hiyo geuzeni kalenda. Ukuta ukaguliwe Mei, mvua ikinyesha, kwa sababu wakati huo ndipo unaposema ukweli wake: maji yanatiririkia wapi, doa la unyevu linapanda hadi kimo gani, paa linamwaga upande upi. Juni plasta mbovu ibomolewe na kupigwa upya. Julai ukuta ukauke. Agosti praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, na rangi ya msingi. Mwishoni mwa Agosti hadi katikati ya Septemba kuchora, kisha vanishi kabla vuli haijaanza Oktoba. Mchoro upite vuli, upite mwanzo wa masika, na tarehe 2 Mei mwaka unaofuata ndipo mwalike watu. Mtakuwa mnazindua kitu kilichokwisha kupimwa na mvua, na fundi mwenye deni la marekebisho atakuwa bado hajalipwa fedha yake ya mwisho. Moshi ongezeni wiki mbili za ziada, kwani Juni na Julai huko kuna baridi na mawingu, na ukuta unachelewa kukauka kuliko Dar.

Sasa ukuta wenyewe. Kwa mfano tutumie ukuta wa mita 12 kwa mita 6, yaani mita za mraba 72, ambao ni ukubwa unaofaa kwa jengo la ghorofa mbili. Ombi letu la kwanza ni kwamba usiwe ukuta wa uzio. Uzio wa matofali ya saruji hupokea maji pande tatu: juu, nyuma na chini. Mara nyingi hauna kofia ya kumwaga maji, upande wa nyuma haujapigwa plasta, na udongo wa nyuma umeegemezwa juu kuliko wa mbele. Hakuna rangi duniani inayoshinda maji yanayosukuma kutoka nyuma. Kama uzio ndio pekee uliopo, basi kwanza uwekewe kofia ya zege inayotokeza walau sentimita 5 kila upande na kuchimbwa mfereji mwembamba chini ya ukingo ili matone yadondoke badala ya kutambaa ukutani, nyuma upigwe plasta, na udongo ushushwe chini ya msingi wa tofali.

Ukuta wa jengo ni bora, lakini tazameni juu yake. Paa litokeze. Mfereji wa maji ya mvua usiwe na tundu. Na hesabuni viyoyozi: bomba dogo la kiyoyozi kinachodondosha maji kutwa nzima litachora mstari wa kijani wa mwani usoni pa marehemu ndani ya msimu mmoja. Bomba hilo lielekezwe kwingine kabla ya kazi, na mwenye jengo aahidi kwa maandishi kwamba hakuna kiyoyozi kipya kitakachofungwa upande huo.

Mwelekeo wa ukuta una uzito kuliko watu wanavyodhani. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, Moshi nyuzi 3 na kitu. Toka Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini hukaa kivulini sehemu kubwa ya mwaka, na hata Desemba jua huupiga kwa juu juu tu. Rangi hudumu zaidi hapo. Kasoro yake ni kwamba hukauka polepole baada ya mvua za kusi, hivyo unahitaji rangi yenye dawa ya kuzuia ukungu na paa linalotokeza vizuri. Ukuta unaotazama magharibi ndio mgumu kuliko yote: hupokea jua kali la alasiri, hupanuka kwa joto, kisha mvua ya jioni huupoza ghafla, na nyufa nyembamba hufunguka. Tukipewa nafasi ya kuchagua, tutachagua kusini, kisha kaskazini, kisha mashariki.

Tunakuja kwenye plasta, na hapa tunawaomba uvumilivu kwa sababu fedha zenu zitaokolewa au kupotea hapa. Fundi apite ukuta mzima na nyundo ndogo, akigonga kila hatua ya sentimita 30. Mahali panapotoa mlio wa utupu, plasta imeachana na tofali. Izungushiwe chaki na ibomolewe yote hadi kwenye tofali. Kuziba juu ya utupu ni kujenga juu ya kitu ambacho kimekwisha kuanguka. Plasta mpya iwe saruji moja kwa mchanga minne au mitano, unene wa milimita 12 hadi 15. Ikihitajika nene zaidi, ipigwe kwa tabaka mbili, maana tabaka moja nene huteremka kwa uzito wake na kupasuka. Mchanga uwe wa mtoni au wa machimbo uliooshwa. Kwa watu wa pwani tunasisitiza: mchanga wa bahari hapana, hata ukiwa umenyeshewa mvua mwaka mzima. Chumvi yake itabaki ndani ya plasta, itavuta unyevu wa hewa kila usiku, na itachanua ukutani kama unga mweupe.

Kipimo cha mchanga hakihitaji maabara. Wekeni mchanga sentimita 5 kwenye chupa inayoangaza, mimineni maji yenye chumvi kidogo, tikiseni, acheni itulie masaa matatu. Tope litakaa juu ya mchanga. Likizidi milimita 3, mchanga huo una udongo mwingi na plasta yake itapasuka nyufa za utando wa buibui. Plasta ikishapigwa inyweshwe maji siku 7, asubuhi na jioni. Kisha isiguswe kwa rangi hadi zitimie siku 28 tangu ilipopigwa.

Siku hizo 28 ndizo ambazo kila ofisi hutaka kuzikata, kwa hiyo tueleze sababu. Saruji mbichi ni kali kama magadi, pH yake, yaani kipimo cha ukali huo, hufika 12 hadi 13. Ukali huo hula mafuta yaliyomo kwenye rangi ya mafuta na kuyageuza sabuni, rangi inakuwa laini na kunata, kisha inavuliwa kama ganda. Hata rangi ya maji hupoteza baadhi ya rangi zake, hasa nyekundu na buluu za bei rahisi. Kabla ya praima, lowesheni sehemu ndogo kwa maji safi yasiyo na chumvi na mbandike karatasi ya kupimia pH. Ikisoma juu ya 10, subirini, au tumieni praima iliyotengenezwa mahsusi kuhimili ukali wa saruji, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba, si kuachiwa duka. Kipimo cha pili ni cha unyevu: bandikeni kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45 kwa mkanda pande zote nne, kiacheni masaa 16. Kikifunguliwa na kuwa na matone ndani, au ukuta chini yake umebadilika rangi, haujawa tayari. Fanyeni hivyo sehemu tatu: chini karibu na ardhi, katikati, na juu chini ya paa.

Mkiona chumvi nyeupe, msiioshe kwa maji. Maji huiyeyusha, huirudisha ndani, na kesho itatoka tena. Isuguliwe ikiwa kavu kwa brashi ngumu, ifutwe, ukuta uachwe wiki mbili, isuguliwe tena. Ikiendelea kutoka, kuna maji yanayoingia mahali, na kazi ni kuyatafuta hayo maji.

Kuna jambo lingine linaloharibu kuta nyingi mijini kwa sasa: kulainisha ukuta wa nje kwa unga wa jasi. Fundi hupenda jasi kwa sababu huteleza na kutoa uso laini kama karatasi, na mchoraji asiye na uzoefu hufurahi. Jasi ni ya ndani ya nyumba. Nje hunyonya maji, hulainika, na hutoka pamoja na kila kilichopakwa juu yake, kipande kwa kipande. Kama ukuta unahitaji kulainishwa, itumike pati ya saruji ya nje. Binafsi tunapendelea plasta iliyopigwa msasa wa sponji, yenye chembe ndogo, kwa sababu rangi hushika vizuri zaidi na watazamaji wakiwa umbali wa mita 15 hawazioni chembe hizo.

Rangi. Vipimo vya mita za mraba 72 ni hivi. Kopo litasema lita moja hupaka mita 10 au 12 za mraba, lakini hiyo ni kwenye uso laini. Kwenye plasta ya chembe hesabuni mita 7 hadi 8. Praima mkono mmoja, yaani tabaka moja, ni lita 9 au 10. Rangi ya msingi mikono miwili ni takriban lita 20, yaani ndoo moja kubwa. Rangi za kuchorea, zikichanganywa zote, lita 20 hadi 25, nyingi katika makopo ya lita 1 na lita 4. Vanishi mikono miwili, lita 15. Zabuni inayokuja na ndoo mbili za rangi nyeupe na makopo kumi ya kupuliza kwa ukuta wa ukubwa huu haijapiga hesabu, na bei yake ndogo itawagharimu.

Aina iwe akriliki halisi ya nje kwa asilimia mia, yaani rangi ya maji yenye gundi ya plastiki. Wapo watakaowaambia kwamba rangi ya mafuta ndiyo imara na kwamba wachoraji wa Tingatinga wameitumia tangu enzi za Edward Saidi Tingatinga mwenyewe. Ni kweli wameitumia, na inapendeza sana, lakini juu ya ubao na turubai vinavyoning'inizwa ndani. Ukutani nje, rangi ya mafuta huziba pumzi ya ukuta, huwa ngumu, hupoteza mng'ao na kutoa unga.

Kwenye makopo mazuri ya rangi za kuchorea huandikwa alama ya chembe za rangi. Tunaomba alama hizi ziingie kwenye masharti ya ununuzi. Nyeupe iwe PW6. Nyekundu ya udongo PR101, njano ya udongo PY42, kahawia PBr7: hizi ni oksidi za chuma, na hazifi kwa jua. Buluu PB15 na kijani PG7 ni imara. Pinki na zambarau zitoke kwenye PV19 au PR122. Zikataeni PR3 na PY1, ambazo ni nyekundu na njano kali za bei ndogo, pamoja na rangi zote za kung'aa kama fulana za barabarani. Nyekundu hiyo ikiisha, mdomo uliochorwa unabaki wa kijivu wakati nguo bado ni nyeusi, na uso mzima unaonekana wa mgonjwa.

Uso sasa. Katika ukuta wa kimo cha mita 6, tunashauri uso usizidi mita 3 toka kidevuni hadi juu ya kichwa, na kidevu kianze zaidi ya mita 2 kutoka ardhini. Mita 2 za chini ziachwe kwa ukanda wa rangi nzito isiyo na picha, uliopakwa rangi inayooshwa, kwa sababu hapo ndipo watu huegemea, magari hurusha matope, na madalali hubandika namba zao. Ukanda huo utapakwa upya kila mwaka kwa lita nne za rangi bila kugusa mchoro. Hakikisheni pia kuna nafasi ya kusimama: ili kuuona ukuta wote mtazamaji anahitaji mita 12 hadi 15. Mtaa ukiwa mwembamba, ukatoa mita 5 tu, paji la uso litaonekana limebanwa na kidevu kimevimba, hata kama mchoro ni sahihi kwenye karatasi. Hapo uso upunguzwe, au mchoraji arefushe sehemu ya juu kwa makusudi.

Mchoro wa awali uwe kwa kipimo cha 1 kwa 20. Hapo sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita 20 ukutani, na jicho moja la uso wa mita 3 lina upana wa karibu sentimita 40. Tunaeleza haya ili mjue kinachotokea kiongozi anapopita siku ya ishirini na kusema tabasamu liongezwe kidogo. Midomo ikisogezwa, mashavu yanabadilika, kivuli cha pua kinahama, na nusu ya uso inapakwa upya juu ya tabaka ambazo hazijakomaa. Kwa hiyo kibali kitolewe kwa hatua nne, kwa saini: mchoro wa karatasi, uso peke yake uliochorwa kwenye ubao wa sentimita 60 kwa 80 kwa rangi zile zile, mistari ya gridi ikishahamishiwa ukutani kwa chaki, na uso ukifika nusu. Asaini mtu mmoja wa familia na mtu mmoja wa halmashauri. Baada ya hatua ya nne hakuna mabadiliko ya sura.

Ngozi nyeusi haichorwi kwa rangi nyeusi. Kosa hili tunaliona kila mahali, na linawafanya wazee wetu waonekane kama vivuli. Giza la ngozi lijengwe kwa kahawia, nyekundu ya udongo na buluu kidogo. Mwanga wa paji la uso na mashavu uwe wa baridi, wenye chembe ya buluu ya anga, kwa sababu mwanga wa nje ndivyo ulivyo. Rangi tano za ngozi zichanganywe zote kabla ya kuanza, kila moja kwenye ndoo yenye mfuniko, lita 2 kwa kila moja, kwani mchanganyiko wa pili haulingani kamwe na wa kwanza. Akriliki hukauka ikiwa imekolea kidogo kuliko ilivyo mbichi, basi majaribio yafanyike kwenye ubao, yakauke, yasimamishwe kando ya ukuta na kutazamwa kwa mwanga wa pale pale.

Saa za kazi zifuate jua. Ukuta wa magharibi uchorwe asubuhi, wa mashariki uchorwe baada ya saa 8 mchana. Uso wa ukuta ukipita nyuzi joto 35, rangi hukauka kwenye brashi na kila muungano huacha alama. Jioni simameni saa 11, umande usije ukaikuta mbichi. Jukwaa liwe la mabomba ya chuma lenye sakafu kamili na reli, siyo mirunda iliyofungwa kwa kamba, na kila anayepanda avae mkanda. Masharti ya OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, yako wazi na yanawahusu wachoraji kama mafundi wengine. Nyaya za umeme zikiwa karibu, TANESCO waitwe kabla jukwaa halijasimama.

Nini kichorwe kando ya uso? Tunaomba nembo za kampuni zisiwepo kabisa. Zikiingia, ukuta unaanza kusomeka kama tangazo, na matangazo yana vibali na ada zake. Mbaya zaidi, wafadhili wataanza kugombea ukubwa wa nembo. Kalamu za wino, miche ya miti na mteremko wa Kilimanjaro, mtoto aliyetoka hospitali, chumba cha habari: hivyo vinatosha kumsimulia. Watu wenye ulemavu wachorwe wakiwa wameketi mezani pamoja naye, nyuso zao zikiwa na ukubwa sawa na heshima sawa, wakizungumza. Wasichorwe wakinyoosha mikono.

Na kwa sababu hao ndio waliokuwa wageni wake, ukuta uwafikie. Njia ya kuufikia iwe ya saruji, upana mita 1.5, isiyo na ngazi. Penye mwinuko pawe na mteremko wa sentimita 1 kwa kila sentimita 12. Maelezo yawekwe kati ya sentimita 90 na 120 kutoka ardhini, ili aliye kwenye kiti cha magurudumu ayasome na asiyeona ayaguse. Yawepo maandishi ya nukta nundu, na karibu yake sura ndogo ya marehemu ya saruji iliyochongwa kwa kutokeza, ukubwa wa sahani, iweze kupapaswa. Msitumie shaba wala alumini: wanunuzi wa chuma chakavu wataifuata usiku, na juani chuma huunguza vidole. Vigae vilivyochomwa au jiwe lililosagwa vinafaa. Nukta nundu zikaguliwe na msomaji asiyeona kabla hazijachomwa kwenye kigae, kwa kuwa kosa la nukta moja hubadilisha herufi. Tarehe na majina yote yathibitishwe na familia kwa maandishi.

Picha mtakayomkabidhi mchoraji ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mpigapicha, na kuichora picha yake ukutani ni kutengeneza kazi kutokana na kazi yake. Pateni ruhusa kwanza, iliyoandikwa. Sheria hiyo hiyo inamlinda mchoraji: jina lake liwekwe chini kulia, na mchoro usibadilishwe bila yeye kuulizwa.

Kama ni fedha za umma, manunuzi yatapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023. Tunachoomba ni kutenganisha kazi mbili. Matengenezo ya ukuta yashindanishwe kwa bei kama ujenzi mwingine. Mchoraji asichaguliwe kwa bei ndogo: waiteni watatu, mlipe kila mmoja mchoro wa karatasi, kisha mchague kwa kazi. Katika bajeti, theluthi moja iende kwenye ukuta na praima, na sehemu ya kumi itengwe kwa matunzo. Malipo ya kwanza yatoshe kununua rangi yote kwa mara moja, kutoka toleo moja la kiwanda, maana matoleo hutofautiana. Asilimia 10 ya mwisho ishikiliwe hadi masika yapite. Na mwenye jengo asaini makubaliano ya miaka 10 yatakayomfunga hata atakayelinunua.

Vanishi ipakwe wiki mbili baada ya mkono wa mwisho wa rangi, iwe ya kuzuia mionzi ya jua na inayoruhusu mvuke kupita. Ikipakwa juu ya rangi yenye unyevu hugeuka maziwa, na haiwezi kurudi. Baada ya hapo matunzo ni madogo: kila Juni ukuta uoshwe kwa brashi laini na sabuni isiyo kali, kamwe si kwa mashine ya presha, nyufa zikaguliwe, viraka vipakwe. Ili viraka vilingane, halmashauri ihifadhi lita moja ya kila rangi iliyotumika, kopo likiwa limeandikwa jina, alama na tarehe, mahali pa kivuli, pamoja na picha za mchoro zilizopigwa siku ulipokamilika.

Kazi ya kwanza haihitaji bajeti. Mei, mvua ikiwa inanyesha, mtume ofisa mmoja wa ujenzi akutane nasi kwenye kuta mnazozifikiria, Mikocheni au Moshi mjini. Tutakuja na nyundo, nailoni, mkanda na karatasi za pH, na tutawaachia ripoti ya kurasa mbili kwa kila ukuta.

Wenu katika kazi,
Wachoraji wa kuta, mafundi plasta na wapaka rangi
Dar es Salaam na Moshi